TanzLII: maktaba ya hukumu ninayoitumia kwenye steshenari yangu Ukonga

Huduma ninayoipa alama leo haina kaunta wala dada wa mapokezi. Ni tanzlii.org, maktaba ya mtandaoni yenye hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, pamoja na sheria na Gazeti la Serikali, vyote vya kusoma bure. Naipa nyota nne kati ya tano.

Mawakili na wanafunzi wa sheria wameshaisifu vya kutosha, sina cha kuwaongezea. Mimi naitazama nikiwa nyuma ya mashine ya fotokopi. Nina steshenari Ukonga, Dar es Salaam, upande wa mtaa unaoitwa Mombasa, na kazi zangu ni zile zile unazozijua: kuchapa barua za kuomba kazi, kulamineti vyeti, kuprinti namba za NIDA, kutoa kopi za mitihani ya shule za jirani. Lakini gereza haliko mbali, na siku za kutembelea wafungwa meza yangu hujaa wateja wa namna moja. Wanatoka Chanika, Kitunda, Mbagala, wengine wameshuka basi la mkoani asubuhi hiyo hiyo. Kila mmoja ana bahasha ya kaki iliyolegea pembe. Tukishamaliza shikamoo na marahaba, anaiweka mezani.

"Mwanangu, naomba unichapie rufaa."

"Ya kwenda wapi, mama?"

"Si mahakamani."

"Hii itakuwa ya ngapi?"

Hapo huwa hajui. Mwanawe kule ndani pengine anajua, pengine na yeye amepoteza hesabu.

Niseme mapema kwamba mimi si mwanasheria. Kuchapa ukurasa ni 1,000, kuprinti 200, kopi 100, na ushauri sitozi kwa sababu sina ushauri wa kuuza. Ila nina kompyuta, nina bando, na nimejifunza kutochapa kitu chochote cha mahakamani kabla sijajua jina hilo limeshapita wapi na limeambiwa nini. Kazi hiyo ndiyo ninayoifanyia TanzLII.

Wengi wanaokuja ndugu zao wamefungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha au kwa ubakaji. Unyang'anyi wa silaha adhabu yake haishuki chini ya miaka 30. Hakimu hata akiingiwa na huruma hana pa kushukia. Mtu mwenye miaka 30 mbele yake na karatasi ya daftari mkononi ataandika. Akishindwa ataandika tena, na mimi ningekuwa ndani ningeandika hivyo hivyo.

Ngazi yenyewe, kwa aliyehukumiwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, iko hivi. Ndani ya siku 10 anatoa notisi kwamba anakusudia kukata rufaa, kisha sababu za rufaa zifike Mahakama Kuu ndani ya siku 45, ukiondoa siku za kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu. Akishindwa huko, ana siku 30 za kutoa notisi ya kwenda Rufani. Kwa kuwa yuko gerezani, karatasi zake humkabidhi mkuu wa gereza. Akishindwa Rufani, rufaa zimekwisha, lakini maombi hayajaisha: anaweza kuomba marejeo, yaani Mahakama ya Rufani iitazame upya hukumu yake yenyewe, na hilo lina siku 60. Zikimpita, na kwa mfungwa hupita sana, anaanza kwa kuomba kuongezewa muda mbele ya jaji mmoja. Jaji huyo akikataa, kuna siku 7 za kuomba jambo liende kwa majaji watatu. Ndiyo maana unamkuta mtu mmoja ana namba za mashauri tano au sita, na nyumbani kwao zote hizo zinaitwa rufaa.

TanzLII inanisaidia kuzipanga. Unaandika jina kwenye kisanduku cha kutafuta, unachuja kwa mahakama na kwa mwaka, orodha inakuja. Kila uamuzi una namba yake: mwaka kwenye mabano ya mraba, halafu TZCA kama ni wa Rufani au TZHC kama ni wa Mahakama Kuu, halafu namba ya mfululizo. Namba hiyo naiandika nyuma ya risiti, mteja anaondoka nayo, na wakili yeyote atakayemwona baadaye ataifungua kwa sekunde chache. Usumbufu ni majina yetu wenyewe. Athumani kwenye hati ya mashtaka anaweza kuwa Athuman, Asumani au Othman, na jina la babu likatangulia la baba. Kwa hiyo usije na jina peke yake; njoo na namba ya kesi na jina la mahakama iliyohukumu. Na za miaka ya 1980 na 1990 usitegemee kuzikuta zote.

Nilianza kuiheshimu huduma hii siku alipokuja kijana wa bajaji na bahasha ya kaka yake. Nyumbani walijua kwamba Rufani walishashindwa, na walishakaa kikao cha familia wakakubaliana kuacha. Alitaka nimchapie barua tu, ya kumwomba Rais msamaha. Nikatafuta jina, nikaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, maana hukumu mimi huanzia nyuma. Rufaa ile haikuwahi kusikilizwa. Notisi ilikuwa na kasoro, majaji wakaiondoa mahakamani bila kugusa ushahidi hata kidogo. Na hapo tofauti ni kubwa mno. Rufaa iliyosikilizwa ikakataliwa imekufa. Iliyoondolewa kwa kasoro ya karatasi inaweza kurudi, mradi mtu aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini amechelewa. Kaka mtu alikuwa na nakala ya uamuzi ule humo humo gerezani akidhani ameshindwa, kwa kuwa umeandikwa Kiingereza na aliyemtafsiria alimwambia kwa kifupi, "Wameikataa."

Nilimprintia kurasa zote, nikamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 watu hawa wanatambulika rasmi, na usione haya kuwafuata, huduma yao ni bure. Limefikia wapi sijui. Kijana huyo akipita na abiria hunipigia honi.

Upande wa pili kuna vishoka. Kama hujawahi kukutana nao: ni watu wenye tai na faili, wanaozunguka maeneo ya mahakama wakijiita mawakili. Mama mmoja alikuja na hati ya maombi iliyokwisha kuandikwa, akitaka kopi nne tu. Kishoka wake alishachukua 600,000 na alikuwa anasubiri nyingine. Hati ilikuwa inaomba marejeo ya uamuzi wa Rufani. Nikaweka jina la mwanawe kwenye TanzLII: marejeo yalishaombwa, yalishasikilizwa na majaji watatu, yalishakataliwa. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009, kanuni ya 66, kifungu kidogo cha saba, zinasema marejeo yakishaamuliwa hakuna marejeo mengine katika shauri hilo hilo. Basi. Ile hati isingevuka kaunta ya masjala, na ingevuka isingevuka majaji.

Nikamwonyesha mama kwenye skrini. Akaniuliza, "Sasa hela yangu?" Meseji za miamala alikuwa nazo kwenye simu, nikamprintia zote bila malipo, nikamwambia aende nazo polisi. Pia kuna mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili, ambao unaandika jina la mtu ukaona kama ni wakili kweli na kama leseni yake iko hai. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata nauli yake.

Kwa kuwa maombi ya kurudia rudia yanaishia kwenye kanuni hii ya 66, nimeshasoma maamuzi yake mengi kuliko nilivyosoma magazeti. Sababu zinazokubalika ni tano: kosa la wazi kwenye kumbukumbu za mahakama lililosababisha haki kupotea; mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa; uamuzi kuwa batili; mahakama kutokuwa na mamlaka; au hukumu kupatikana kwa njia haramu, udanganyifu au ushahidi wa uongo. Hakuna ya sita. Na hilo kosa la wazi si lile ambalo mtu anakaa na kulichambua kwa hoja ndefu. Kuna uamuzi wa mwaka 2004 wa Chandrakant Patel ambao majaji huurejea karibu kila mara, unaosema kosa liwe la kuonekana na mtu anayesoma huku anakimbia. Ukianza kueleza, umeshashindwa.

Sasa linganisha na barua zinazonifikia. Nyingi zimeandikwa na mfungwa mmoja mwenye mwandiko mzuri kwa niaba ya wenzake. Mwandiko wake naujua, herufi zote zimeinama upande mmoja. Sababu ni saba, kila mara saba. Ya kwanza ni utambuzi, na ndani yake hakosekani Waziri Amani, ile kesi ya mwaka 1980 iliyoweka masharti ya kumtambua mtu: alionekana kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, shahidi alimjua kabla au hapana. Ya pili ni kwamba kielelezo hakikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa, kama ilivyosemwa kwenye kesi ya Mwanjisi ya 2003. Ni hoja nzuri hizo, na zimetoa watu gerezani. Lakini niliwahi kuchapa sababu ya kielelezo kutosomwa kwenye kesi ambayo upande wa Jamhuri haukuleta karatasi hata moja. Na hata zikiwa za kweli, hizo ni hoja za rufaa. Ukizipeleka kwenye marejeo, majaji wanakujibu kwa adabu kwamba unakata rufaa juu ya uamuzi wao wenyewe kwa mlango wa nyuma, na kwamba kesi lazima zifike mwisho.

Je, ni ukatili? Nimelifikiria hili nikiwa naprinti, na msimamo wangu ni kwamba kwenye marejeo majaji wana haki. Wakimfungulia mmoja kwa sababu hajaridhika, watafungulia wote, na anayesubiri rufaa yake ya kwanza isikilizwe atasubiri zaidi. Wanapobana mno ni kwenye kuongeza muda. Mwombaji anatakiwa aeleze kila siku aliyochelewa. Kila siku! Mtu ambaye hana kalenda, hana mhuri, barua yake inapitia mikono ya watu wengine, na nakala ya hukumu ameipata baada ya kuhamishwa gereza. Na haitoshi kueleza kuchelewa: kwa marejeo, anatakiwa pia aonyeshe hapo hapo kwenye kiapo, yaani maelezo ya kuapa yanayoambatana na maombi, ni sababu ipi kati ya zile tano atakayoitumia, jambo ambalo wengi wanalijua wakishakataliwa. Yapo maamuzi kwenye TanzLII ambamo Wakili wa Serikali mwenyewe anakubali mfungwa apewe muda. Yatafute kabla ya kuandika kiapo, uone yalikuwa na nini.

Kuna jambo jingine ambalo vishoka hawalisemi na barua za gerezani hazilisemi. Kwenda juu si lazima urudi na kilekile au pungufu. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu. Kwa ubakaji wa mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu ni kifungo cha maisha, na hukumu zipo za watu waliopewa miaka 30 kimakosa na hakimu, wakakata rufaa wakitarajia nafuu, wakarudi na maisha. Kuna pia kurudishwa kesi ianze upya, ingawa hilo majaji hawaliagizi ili Jamhuri izibe mapengo yake; hiyo ni sheria ya tangu kesi ya Fatehali Manji, 1966. Kwa hiyo baba anaponiambia, "Binti yangu, chapa tu, tujaribu, hakuna cha kupoteza," namwomba anisubiri kwanza niangalie amefungwa kwa kosa gani na mtoto alikuwa na umri gani. Hapo wengine hukasirika wakaenda steshenari ya pili. Sawa.

Nyota ya tano wameipoteza kwa lugha, na lawama si ya tovuti peke yake, ni ya mahakama zinazoandika kinachowekwa humo. Mtu aliyehukumiwa kwa kesi iliyoendeshwa kwa Kiswahili, mashahidi wakiongea Kiswahili, anapewa uamuzi wa kurasa 20 za Kiingereza. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wengi mtamkumbuka Jaji Zephrine Galeba, aliyeandika uamuzi kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma, na Rais Magufuli akatangaza kumpandisha kwenda Rufani siku ya Siku ya Sheria, 1 Februari 2021. Nilidhani zitafuata kwa wingi. Hukumu za Kiswahili zipo, ukizitafuta unazipata, lakini ukifungua za jinai za Rufani utatembea kwenye Kiingereza muda mrefu kabla hujakutana na moja. Mimi nimeishia kidato cha nne na kamusi iko kando. Mteja wangu wa kawaida hana hata hicho.

Na mwenye shida yenyewe haioni kabisa. Gerezani hakuna simu wala intaneti kwa mfungwa, kwa hiyo TanzLII inamfikia kupitia karatasi tu, kama ndugu ana hela ya karatasi. Hukumu ya kurasa 20 ni 4,000 kwangu, nauli bado, na sabuni aliyotakiwa kumpelekea bado. Ninachofanya ni kuprinti ukurasa wa kwanza, ule unaotaja sababu za rufaa, na wa mwisho. Kurasa tatu zinatosha kumjulisha mtu amesimama wapi. Aliyeko ndani akitaka zote, ataagiza.

Kwenye simu inafunguka vizuri hata ile ya bei ndogo. Faili likiwa limeskaniwa ndipo linakula bando. Hapo sina la zaidi.

Wateja wenye bahasha nene zaidi huniuliza Arusha. Wamesikia kwamba kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na kwamba wafungwa wa Tanzania walishinda kule. Ni kweli walishinda. Tanzania iliruhusu mtu binafsi kwenda kwenye mahakama hiyo moja kwa moja mwaka 2010, na wafungwa wakamiminika. Shauri namba 005 la mwaka 2013 lilikuwa la mfungwa wa miaka 30 wa unyang'anyi wa silaha. Tarehe 20 Novemba 2015 mahakama ikaona hakutendewa haki, pamoja na kwamba hakupewa wakili kwa kosa zito kiasi kile. Mwaka 2019, tarehe 28 Novemba, ikasema adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kuchagua inavunja haki ya kuishi. Lakini wiki moja kabla ya uamuzi huo Serikali ilikuwa imeshatoa notisi ya kujitoa kwenye ule mlango wa mtu binafsi, na tangu 22 Novemba 2020 umefungwa kwa maombi mapya. Yaliyokuwa yameshafunguliwa yaliendelea, na ndiyo yanayowachanganya watu wanaposikia redioni kwamba mfungwa fulani ameshinda Arusha. Kishoka akikuambia anakupeleka Arusha leo, muulize tarehe hiyo.

Ukitaka kuona ngazi nzima kwa mtu mmoja, fungua Rufaa ya Jinai namba 56 ya 2005, ya Nguza Viking, Babu Seya, na wanawe. Hakuna mtu wa Dar wa umri wangu asiyeikumbuka. Mahakama ya Kisutu iliwahukumu kifungo cha maisha Juni 2004 kwa ubakaji na ulawiti wa watoto, Mahakama Kuu ikakataa rufaa Januari 2005, Rufani ikawaachia wawili Februari 2010 na kuwabakiza yeye na mwanawe Papii Kocha, marejeo yakakataliwa 2013, wakaenda Arusha. Kabla Arusha haijasema chochote, Rais aliwasamehe tarehe 9 Desemba 2017. Uamuzi wa Arusha ulikuja Machi 2018, ukisema baadhi ya haki zao katika kesi zilivunjwa, nao walishakuwa mtaani. Watu wanabishana hadi leo kuhusu kesi ile na sitaki kuingia. Ninawaonyesha wateja kwa sababu ya mpangilio wake tu: msamaha wa Rais hauko kwenye TanzLII, hauna siku 60, na hauombwi kwa sababu saba. Ni mlango mwingine. Yule aliyemaliza marejeo, barua ya msamaha namchapia bila kumuuliza maswali.

Jambo moja linanisumbua na sijui lingerekebishwa vipi. Majina ya watu wazima yamo humo wazi, na mitambo ya kutafuta inayaona. Mtu aliyeshinda rufaa, akaachiwa, akirudi kuomba kazi ya ulinzi Tabata, mwajiri akiandika jina lake kitu cha kwanza kinachotokea ni "dhidi ya Jamhuri". Aliyeshinda ukurasa wa 18 ameshahukumiwa na anayesoma ukurasa wa kwanza. Watoto waliotendewa makosa majina yao hufichwa, na ni vizuri. Waliofutiwa hatia hawana kinga hiyo.

Tahadhari ya mwisho ni ya vifungu. Sheria zilizofanyiwa urekebu, yaani kupangwa upya pamoja na marekebisho yake, toleo la 2023, zilianza kutumika 1 Julai 2025, na vifungu vingi vimehama namba. Hukumu ya 2015 itakutajia kifungu ambacho leo kina namba nyingine. Ukinakili kutoka hukumu ya zamani kwenda kwenye hati mpya bila kuangalia sheria yenyewe ilivyo sasa, umempa Wakili wa Serikali hoja ya bure. Sheria hizo ziko kwenye tovuti hiyo hiyo, kazi ni kufungua ukurasa wa pili.

Wanaoiendesha wakiniuliza nataka nini, ningeomba muhtasari wa Kiswahili wa nusu ukurasa juu ya kila uamuzi wa jinai wa Rufani: mfungwa aliomba nini, ameambiwa nini, na kama shauri limesikilizwa likaisha au limeondolewa kwa kasoro. Ningeuprinti kwa 200, na mama wa Chanika angeusoma mwenyewe kwenye daladala.

Mkija kwangu njooni na jina kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, namba ya kesi ya kwanza kabisa, na karatasi zote, hata zile mnazodhani hazina kazi. Usizibane kwa pini, zinachana nikizipitisha kwenye mashine. Jumapili nafungua baada ya ibada ya pili.